Umehamia?

"Umehamia?" Mcha aliniuliza
alipoliona begi langu pale Mtende,
limevimba mgongoni kama kobe mwenye mimba.
Nikamtajia: hema, jiko la gesi, makopo sita ya jodari,
tochi mbili, viatu vya akiba, kitabu.
Yeye kashika panga na kikapu cha ukili:
mkate wa ajemi, chumvi kwenye karatasi, kiberiti.
Basi.

Huku hakuna milima, usitafute.
Kuna maweni: jiwe lililokuwa bahari
likasahauliwa juani, likaota meno.
Ukilikanyaga linalia kama sahani.
Saa tatu asubuhi soli ya kushoto ilishakatika,
saa nne ya kulia,
na Mcha mbele, na makubadhi yake ya mpira wa gari,
anapita kama mtu anayekwenda uani kwake.
"Usiangalie mbali," alisema. "Angalia ulipo."

Mdaa, mkwamba, mdaa.
Paa nunga alipiga chafya kichakani, hatukumwona.
Dumu la lita tano likawa la tatu, likawa la moja,
na jua limetukalia utosini kama mdai.

Kisha ardhi ikafunguka.
Hapakuwa na dalili, ila mizizi ya mkuyu
ikining'inia kwenye shimo, na ubaridi
unaopanda kama pumzi ya mtungi.
Mcha alivua makubadhi. Akapiga hodi,
mara tatu, kama tupigavyo sote.
Tukangoja, si sana,
muda wa mwenye nyumba kujifunga kanga,
ndipo tukashuka.

Ukumbi. Dari ya masizi.
Maji yakidondoka pembeni kwa hesabu yake,
na kidato kimoja cha jiwe, kimelika katikati.
Wachimbaji wa chuo walikuja mwaka juzi
wakaacha shimo la mraba, pembe kali kama za sanduku:
jivu, konokono, jivu, mifupa ya paa,
kigae, ushanga mmoja, jivu.
Mcha aliwabebea ndoo za udongo siku kumi na tisa.
"Waliniuliza, unadhani walikuwa watu gani?
Nikawaambia: watu waliopenda konokono kunishinda mimi."

Usiku hema lilikataa, jiwe halipokei kigingi.
Nikahama mara mbili, nikikimbia matone.
Mara ya tatu nikapata pakavu,
penye upepo kidogo, mlango unaonekana,
ukuta umebonyea kiasi cha mgongo.
Nikaegemea. Ulinienea.
Ulikuwa laini, pale tu,
kama mpini wa jembe la mtu.
Kuna aliyeyakimbia matone haya haya
akafika hapa hapa, akashusha pumzi.

Nikaikumbuka nyumba ya mama, Makunduchi,
iliyoanguka masika yale chumba baada ya chumba
hata tukabaki jikoni, watu saba na kuku.
Jiwe ni hili.
Walilichoma likawa chokaa,
wakalipanga likawa ukuta, wakalitia mlango na kitasa,
na muda wote lilikuwa likitaka kurudi chini.
Mama alilia kama aliyeibiwa.
Sikuwa na la kumwambia wakati ule.
Hata sasa sijui kama nimelipata.

Alfajiri makopo ya jodari yalikuwa yamejaa matone.
Mcha akachemsha chai kwa jiko langu, akalisifu,
na nikafurahi kupita kiasi.
Tulifukia majivu. Nilipokuwa nafunga begi
akauona mswaki wangu juu ya ukingo wa jiwe,
nilipouweka jana bila kufikiri,
karibu na maji, mkono wa kulia.
Hakucheka.
"Umehamia," alisema.

Nikaurudisha mfukoni. Mlangoni nilitaka kusema neno,
nikalikosa. La kuingia tunalo, hodi.
La kutoka je?
Mcha alishatangulia juani,
anaangalia alipo.