Kabla ya Kuzima

Saa tatu na robo usiku, Mwembe Tayari.
Tajiri amepiga simu kutoka Bondeni:
"Zimeni huko, umeme si maji ya mvua."
Anasema "zimeni" kana kwamba tuko kumi.
Niko peke yangu na mashini saba
na feni inayogeuza shingo
kama mtu aliyesikia jina lake njiani.

Kuna kidude nyuma, ukikibonyeza zinakufa zote.
Lakini mimi nilifunzwa na fundi Twalib,
aliyekuwa akivua viatu kabla ya kugusa kibodi:
kompyuta haizimwi kama koroboi.
Funga kwanza kilicho wazi,
cha mbele kabla ya cha nyuma.
Mgeni hatolewi nje na tonge mdomoni.

Haya.

Ya kwanza: matokeo ya mtihani ya mwana wa Kithi.
Kalifungua dirisha lile lile mara kumi na moja,
na Hesabu ni D katika yote kumi na moja.
Labda alidhani la kumi na mbili litamhurumia.
Nafunga. Nafunga. Nafunga.
Kipanya kinalia kama mtu abanjaye kunde.

Ya pili: nyumba inauzwa Nyali,
vyumba sita, na bwawa la buluu lisilo na mtu.
Aliyekaa hapa ni bawabu wa benki.
Hulipia dakika kumi, huogelea, huenda zamu.

Ya tatu imeganda.
*Programu hii haijibu. Subiri, au ilazimishe ifunge.*
Nawajua wa namna hii.
Nilikula na mmoja sahani moja miaka minne.
Nasubiri kidogo, kwa mazoea,
kisha nailazimisha.

Ya nne.
Yule mama aliyempakata mtoto aliyelala,
akachapa kwa kidole kimoja saa mbili nzima,
kisha akaruka kuwahi feri, chenji akaiacha.

*Mwanahalima, mama hajui kuwa nakuandikia.
Ile cherehani tuliyosema imeibwa
haikuibwa. Mimi ndi*

Hapo basi. Kijiti kinawakawaka baada ya "ndi",
kama mtu aliyesimama mlangoni hajapiga hodi.
Nikigusa kile kialama cha pembeni, nauulizwa:
*Je, unataka kuhifadhi mabadiliko?*
*Ndiyo. Hapana. Ghairi.*

Ukutani, kwa wino mwekundu wa tajiri:
VITU VYA WATEJA HAVIHIFADHIWI.

Lugha yetu nayo! Neno moja tu, kufunga:
tunafunga duka, tunafunga Ramadhani,
tunafunga ndoa, tunafunga mtu jela,
na mpira ukiingia wavuni tunaruka, tumefunga!
Sasa mimi hapa nafunga nini?

Nabonyeza Ghairi.
Neno la kiungwana hilo:
halisemi ndiyo, halisemi siyo,
linakurudisha ulipokuwa, na aibu yako mkononi.
Barua ingali pale. "Ndi" ingali pale.

Mita ya tokeni inaanza kulia ukutani,
pi, pi, pi, kifaranga asiye na mama.
Tajiri hakununua. Uniti zimebaki punje.

Nauulizwa tena. Nasema Ndiyo.
*Jina la faili?*
Mimi jina lake nalijua wapi?
Naandika: aliyewahi feri.
Nainua kidole nikibonyeze kitufe cha mwisho

na giza.

Sijui kilitangulia kidole au lilitangulia giza.
Ya tano, ya sita, ya saba hazikuagwa.
Feni inamaliza mzunguko wake kwa deni.
Linabaki dirisha moja, la mbao, la nyuma,
linaloleta harufu ya viazi karai na mtaro.
Hilo haliulizi kitu. Nalivuta, bawaba inapiga kelele,
natia komeo.

Kesho zitaamka na lawama:
*Hatukuzimwa ipasavyo.
Tuyarudishe madirisha yaliyokuwa wazi?*