Glavu Moja

Saa tisa alasiri, giza limekwisha ingia
bila hodi. Huku kwetu Januari
jua huchungulia kama mdeni dirishani,
likiona watu, hurudi ndani.

Mlangoni mwa maktaba ya Lehtovaara
buti zimepangwa. Hapana, zimemwagwa:
jozi thelathini na moja, nyingine zimelala ubavu,
zinatema theluji kwenye sakafu yangu.
Mimi ndiye mwenye ndoo na tambara.
Miaka kumi na tisa nafuta maji ya hadithi.

Juu ya bomba la joto wameanika glavu,
zinafuka mvuke, zinanuka kondoo.

Hilkka kaja na basi la saa sita,
koti la kijani, sanduku dogo la bati.
Watoto walidhani mna vikaragosi.
Akalifungua:
glavu moja nyekundu, imetoboka penye gumba.
Basi.

"Kitendawili," akasema.
"Nina nyumba ya vyumba vitano.
Wapangaji huikaa wakiwa nje,
wakiingia ndani huihama."
Oiva, mwenye pengo la meno mawili,
akajibu kabla hajavuta kamasi.

Ndipo glavu ikaanguka kutoka kwenye sleji,
ikasimama kwa ncha za vidole,
ikavuka ziwa lililoganda, tiki, tiki, tiki,
ikimtafuta pacha wake.
Ikamwuliza sungura; sungura hakuwa na nafasi.
Ikagonga barafu, ikamwuliza samaki;
samaki akauliza, mkono ni kitu gani?
Mtoto mchanga akalia, akanyonyeshwa,
hadithi ikamsubiri.

"Na ni nani," Hilkka akauliza,
kama waulizavyo watambaji wasiotaka jibu,
"ni nani aliyeiona kando ya barabara?"

"Mimi."

Shingo zote zikageuka.
Raimo, dereva wa greda la theluji,
aliyekuja, kwa maneno yake, kumngoja binti tu,
amesimama mlangoni na buti miguuni
kama mtu aliyeacha injini ikinguruma.
"Karibu na daraja," akasema. "Nilipunguza mwendo."

"Ilikuwa inaelekea wapi?"

Akafikiri. Alifikiri kweli,
kama anayehojiwa na polisi.
"Kaskazini. Ilikuwa inachechemea."

Lempi alimtazama baba yake
kama mgeni aliyeingia na jina lao la ukoo.
Kisha akasogea kidogo, akapiga zulia kwa kiganja.
Raimo akavua buti.
Soksi yake ilikuwa imetoboka penye gumba,
na hakuna aliyecheka, ila Hilkka, kwa macho.

Sitasema iliishaje. Nilikuwa nimeitwa chooni,
mtoto mmoja kaziba sinki kwa karatasi.
Niliporudi walikuwa wanatafuta buti zao,
na kila mzazi anavalisha mguu usio wa mwanawe.

Kimya. Nikafuta.
Juu ya bomba imebaki moja, ya samawati,
haitoshi hata vidole vyangu viwili.
Chini ya meza nina boksi la zilizosahauliwa,
arobaini na sita, na hakuna iliyo na mwenzake.
Kila Aprili hujiambia nitazitupa.

Usiku huu nimeliacha boksi bila kifuniko.
Si kwamba naamini.
Ni kwamba saa tano greda lilipita,
na nikiwa kitandani, taa imezimwa,
nililisikia, penye daraja,
likipunguza mwendo.