Kaa Unavyokaa

"Kaa unavyokaa," Kavengi ananiambia,
"si unavyopigwa picha."
Basi naliachia tumbo, nateremsha bega,
najikunja kitini kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari,
naye, nje ya dirisha, anatembeza kioo juu ya mlango
kikiwa kimeshikwa na tepu ya karatasi.
Mbele kidogo. Nyuma. Hapo. Unaona nini?
Naona sikio langu.
Anacheka. Anasogeza upana wa ukucha.

Bati la karakana linaalika kwa joto la Kariobangi.
Jirani anachomelea geti,
na kila anapochomelea, mlango wa Datsun yangu
unawaka buluu, unazima.

Miaka arobaini na tisa sikutaka vioo mlangoni.
Ubavu ule, utazame kutoka taa hadi mkia,
ni mstari mmoja, kalamu haikuinuliwa.
Nani atie chunusi kwenye shavu kama hilo?
Halafu, nilikuwa nikisema baani, nyuma kuna nani?
Nyuma nilikuwa na Remedios, msoma ramani wangu,
aliyepiga magoti kitini, uso kwenye kioo cha mkiani,
akinipigia kelele kupitia vumbi:
Hayupo. Hayupo. Hayupo.
Yupo!

Remedios sasa yuko Toronto. Kwao ni usiku ninapomhitaji.
Na shingo yangu tangu Machi haigeuki,
inafika begani inakwama
kama droo ya kabati lililonyeshewa.
Juzi pale Pangani kijana wa pikipiki
alinigongea paa kwa kiganja: "Mzee, ungeniua."
Hakutukana. Hilo ndilo lililoniuma.

Kavengi anachora msalaba kwa penseli.
Anapima kutoka kwenye bawaba, anapima tena,
anahamia upande wa pili, anarudi,
kwa sababu magari haya, asema,
hayakutoka kiwandani na mashavu sawa.
Babake alikuwa akitoboa kwa jicho.
Yeye ana rula ya shule yenye jina la mwanawe.

Anachukua keekee. Ananitazama.
"Rangi hurudiwa. Tundu ni tundu."
Toboa, namwambia, nikitazama geti la watu.

Keekee inalia.
Inatoka nyeupe, niliyopaka mwaka wa harusi ya binti yangu.
Inatoka chungwa, ya mashindano.
Kisha inatoka kijani.
Kijani?
Gari hili nililinunua jipya, nina risiti.
Kavengi hasemi kitu. Anapuliza unga kwenye kiganja chake,
rangi tatu na chuma,
halafu kwa kijiti cha kiberiti anapaka dawa ya kutu
kwenye mdomo wa tundu, polepole,
kama anayemtia mtoto dawa ya jicho.

Kioo cha kulia kimetoka dukani, kipya.
Cha kushoto tulikipata barabara ya Kirinyaga,
ndani ya beseni la vioo vilivyong'olewa usiku.
Sikuuliza. Nani huuliza Kirinyaga?
Kwenye kona yake kuna herufi zilizochongwa: KNV,
na namba ambazo mtu alijaribu kuzikwangua, akachoka.
"Nizimalize?"
Ziache.

Natoka kupitia Outering, gia ya pili, jua la saa kumi.
Bila kugeuka naona mkokoteni wa vitunguu,
mwanamke aliyekumbatia mtungi wa gesi,
na Kavengi getini akijifuta mikono, akipungua.
Halafu naona kitu ambacho sikukitegemea:
ubavu wenyewe.
Ule mstari. Kumbe wote hawa waliuona,
waliopitwa, waliosimama kando ya barabara na watoto mabegani,
isipokuwa mimi, niliyekuwa ndani.

Karibu nimgonge mtu kwa kuutazama.

Kwenye kioo cha kulia pikipiki inakua.
Yupo, najiambia kwa sauti, nampisha.
Cha kushoto kinaonyesha anga mno,
anga, KNV, na waya za stima.
Nitarudi Jumatatu akiinamishe.