Nne na Nusu

Saa tisa usiku. Picha mpya imeshuka.
Nalaza juu ya skrini karatasi yangu angavu
niliyoichora konokono kwa wino,
naizungusha polepole hadi mkia wa wingu
ulale juu ya mstari.

Bahari hiyo sijawahi kuinusa.
Huku Dodoma maji ya bomba huja kwa zamu,
na upepo ukija huja na vumbi la Nkuhungu,
likakaa kwenye meno.
Lakini ni mimi ninayeulizwa: kimbunga kina nguvu gani?

Hakuna meli kule, wala boya.
Kuna wingu tu, na wingu halisemi.
Linajikunja.
Nahesabu limejizungusha mara ngapi,
napima baridi ya kilele chake, sabini chini ya sifuri,
kisha natafuta jicho.

Baba yangu Ndahani alinunua ng'ombe mnadani Msalato
miaka thelathini bila mizani.
Alimzunguka mnyama mara moja, kimya,
akatazama nundu, paja, mkunjo wa ngozi shingoni,
akataja kilo.
Waliocheka, mizani iliwanyamazisha.
Si kila mara. Dume moja jeusi la Chamwino
lilinyweshwa maji hadi tumbo likawa ngoma;
tulikunywa uji mwezi mzima.

Dume hilo nalikumbuka kila jicho linapofunguka.

"Tano," asema Chiwanga, koti mabegani, chai imepoa.
"Tazama lilivyo duara."
Duara, ndiyo. Lakini kusini ukuta umepauka,
umemeza hewa kavu.
Huenda ni tumbo la maji.
Hii nusu tunayobishania
ni mabati ya watu Mtwara, ni kuhama au kulala.
Naandika: nne na nusu.
Nafuta.
Naandika tena.

Saa kumi na mbili Nankondya anapiga simu kutoka pwani:
"Mvua imeanza. Upepo bado."
Nyuma ya sauti yake bati linagonga,
nami nalisikiliza hilo bati kuliko yeye.

Natoka nje. Anga ni tupu, kama limefagiwa.
Mtama wa baba kule Handali umekaukia magotini,
na mimi usiku kucha nimehesabu maji yasiyo yetu.
Karibu na geti kinyamkela kinainuka,
kinabeba maganda ya karanga, vocha iliyokwanguliwa,
kinajizungusha mara moja,
moja na robo.
Nasimama, funguo mkononi.
Bila kutaka, nakipa namba.