Mashine Ndani ya Soksi

Juni, Uyole. Maji ya ndoo yameganda ukingoni
na Ambakisye ana kompyuta ndani ya soksi.

Si kompyuta hasa. Ni diski ya nje, ya mtumba,
gamba limepasuka, likazungushiwa utepe mweusi wa fundi umeme.
Ila humo mna mashine nzima:
ina saa yake, ina nywila,
ina makosa yake ya jana.

Dukani kwa Mama Tuntufye, Mwanjelwa,
anaichomeka tundu la nyuma, maana la mbele limelegea,
na kompyuta ya watu, imejaa virusi na picha za harusi,
inaombwa nusu ya kumbukumbu yake, kwa saa moja tu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mgeni anaamka polepole. Waya ni mwembamba,
kama kumnywesha ng'ombe kwa kijiko.
Taa ya buluu inapepesa.
"Imekwama?" anauliza Mama Tuntufye.
"Hapana. Inakumbuka."

Saa nne na dakika kumi umeme unakatika.
Duka zima linaguna.
Yeye kimya, kiganja juu ya gamba, bado lina joto,
hajui kama alichoandika kilivuka
au kiliishia njiani, kwenye waya.

Anairudisha soksini, soksi mfukoni.
Inampasha vidole hadi Kabwe,
kisha inapoa, kama jiwe lolote.

Kesho Iyunga, kwa binamu yake, kuna jenereta.
Atachomeka, atasubiri,
atauliza kwa sauti ndogo, kama abishaye hodi usiku:
Bado upo?