Kihenge cha Arobaini na Saba

Saskatoon, Februari, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Bomba la joto linanguruma kama tumbo la mfungaji,
nami nasahihisha kwa kalamu ya kijani,
nyekundu niliiacha, vijana huona damu.
Insha ya kumi na tisa: Lusajo Mwakalobo,
mwaka wa pili, somo la hifadhi ya nafaka.

Ukurasa wa kwanza unachechemea. Naupenda.
Wa pili unachechemea zaidi.
Wa tatu, ghafla, unatembea wima kama bwana harusi,
vituo mahali pake, vitenzi vimepigwa pasi.
Nguo hii, Lusajo, umeazima kwa nani?

Kisha sentensi:
"Nilihesabu vihenge arobaini na saba kijijini Itumbila,
na vyote vilikuwa na dumuzi."

Nikaweka kalamu chini.

Naijua sentensi ile kama kovu la goti langu.
Niliiandika Morogoro, miaka kumi na minne iliyopita,
tasnifu ya jalada la buluu, nakala tatu,
moja sijui ilipenyaje ikafika huku.
Na Itumbila, vihenge vilikuwa arobaini na sita.

Cha mwisho kilikuwa ng'ambo ya korongo.
Mvua inakuja, kiatu kinanibana,
mwenye mji kaenda msibani,
nikasema: kimoja tu, nani atauliza?
Nikakijenga kwa wino, bila fito, bila udongo,
nikakitia na dumuzi wake.
Hakuna aliyeuliza. Wakapiga muhuri.

Leo kijana wa Tukuyu anakihesabu upya
kwa macho yake mwenyewe!
Kwa Kiingereza, "mimi" ni herufi moja,
imesimama peke yake kama nguzo ya simu thelujini.
Kwetu ni "ni" tu, haisimami bila kushika kitendo:
nililima, nilihesabu,
niliiba.

Jumanne akaja, buti zikichuruzika kwenye zulia.
Nikamuuliza: kihenge cha arobaini na saba,
mlango wake unatazama wapi?
Akanyamaza.
Nami nikanyamaza, maana sikujua.

Akasema: Mwalimu, wikiendi nafagia ghala la chuma Rosetown,
narudi saa nane usiku, vidole havishiki kitu,
na maneno ya yule mtu yalikuwa mazuri kuliko yangu.
Yule mtu! Hakuwa hata amesoma jina kwenye jalada.
Nikamwambia: ukibeba gunia la mwenzio gizani
huchagui punje, unabeba na dumuzi
mpaka ghalani kwako.
Halafu nikamwambia dumuzi yule ni wangu.
Sikupanga kumwambia.

Sifuri nilimpa, na barua kwa mkuu wa idara,
na siku kumi za kuandika upya.
Alinitazama kama niliyemnyang'anya koti.

Siku ya tisa akaleta kurasa nne.
Zinachechemea zote.
"Vumbi la ngano," ameandika, "huingia hata kwenye meno,
na panya wa Rosetown hawaogopi mtu."
Ngano ameikosea tahajia mara mbili.
Pale alipochukua takwimu za mwingine
amemtaja, jina, mwaka, ukurasa,
kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani
ikiwa imeoshwa.
Nimempa hamsini na nane. Ni zake.

Usiku huu naandika barua yangu kwenda Morogoro:
Ukurasa wa sitini na mbili, mstari wa nne,
kihenge kimoja hakipo.
Naifuta. Naiandika tena.
Nje, treni ya nafaka inakata mji,
nayahesabu mabehewa dirishani,
mia na mbili,
na moja lililopita nyuma ya jengo
sikuliona vizuri.
Naandika hivyo hivyo:
sikuliona.