Ndaga

Daktari ametandaza karatasi kumi na moja mezani,
Kiswahili safi, kila ukurasa na mahali pa dole gumba.
Nje ukungu umemeza Loleza, umebakiza kiuno.
Anasema: waya mwembamba kuliko unywele
utapita hapa (anagusa paji lake mwenyewe, si la mama),
umeme kidogo, wa kuamsha palipolala.
Huenda ukasaidia. Huenda usisaidie. Bado tunajifunza.

Mama anasikiliza kama anavyosikiliza mahubiri,
mikono juu ya kitenge, kisha anasema, "Ndaga."
Daktari anaandika: amekubali.

Subiri, daktari.
Ndaga ni ya mgeni aliyeleta ndizi,
ni ya mvua, ni ya muuza duka aliyerudisha chenji.
Juzi alimwambia ndaga kijana aliyekuwa akituibia kuku.
Ndaga si ndiyo.

Huyu, kabla hajaanza kuniita
kwa jina la dada yake aliyekufa mwaka wa surua,
alikuwa karani wa mizani, kituo cha chai juu ya Tukuyu.
Miaka ishirini na sita.
Wakulima wakishusha vikapu vilivyolowa,
meneja akinong'ona, kata kilo mbili za maji, tia saini,
yeye akijibu: sitii saini mshale ukiwa bado unacheza.
Alifukuzwa kwa hilo mara mbili.
Akarudishwa mara moja.

Leo kalamu nimepewa mimi.
Ambakisye kapiga simu kutoka Tunduma:
"Tusekile, saini, au unataka azimike tukimtazama?"
Yeye hajui usiku wa hapa,
mimi na tochi migombani, mama peku mbele yangu
akiwahi kufungua kituo ambacho sasa ni ghala la mbolea.
Nataka apone.
Nataka pia kulala.
Nani atanipimia hayo mawili,
yote nimeyatia kikapu kimoja?

Namwinamia, namuuliza kwa lugha ya nyumbani,
polepole: mama, wakufungue kichwa?
Ananitazama sana.
"Wamepima?"
Bado, mama. Wanataka kupimia kwako.
"Mshale umesimama?"

Nanyamaza. Daktari naye ananyamaza, namshukuru kwa hilo.
Mama anaichukua kalamu mkononi mwangu,
anaichomeka nyuma ya sikio, kama enzi zile,
anageukia mlango
kuona kama wenye vikapu wameanza kufika.